Vidanji ya gari ya turbo kwenye palseli: usimwage mafuta bila kuyasoma

Sisi tuliosoma elektromekaniki tunaulizwa swali hili karibu kila mwezi: mtu mwenye gari ya nguvu, gari ya turbo, anaweza kufanya vidanji mwenyewe nyumbani, ama ni lazima aipeleke garaji? Jibu langu ni kwamba anaweza. Vifaa vinavyohitajika ni vichache, na kazi yenyewe haipiti saa moja na nusu.

Lakini wengi wanaouliza wanafikiria makuta tu, yale watakayobakisha. Mimi nafanya mwenyewe kwa sababu nyingine. Gari ikienda garaji, mafuta ya zamani yanaingia kwenye pipa bila mimi kuyaona. Nikifanya kwangu, nayaona yote, nayanusa, nayagusa na glavu mkononi. Mafuta yanayotoka yanakuambia hali ya motere kuliko sauti yake na kuliko mwendo wake. Njo maana naandika.

Mfano wangu utakuwa gari ile ninayoijua, Subaru Impreza WRX yenye motere EJ20, lita 2, turbo moja. Ilifika kama nyingi za hapa kwetu: okazio ya Japani, usukani kuume, bandari ya Dar es Salaam, kiisha Kasumbalesa. Ndiyo familia ya Impreza iliyoshinda Safari Rally kule Kenya, mwaka 1997 na Colin McRae, na mwaka 2000 na Richard Burns. Vijana wengi wanaipenda kwa sababu ya sifa hiyo. Wanasahau kwamba gari ya rali ilikuwa na mekanisiye wanaoingojea kila kituo. Yako iko na wewe tu.

Kwa nini turbo haivumilii

Motere ya kawaida, kama ile ya Toyota ndogo ya taksi, inaweza kuvumilia mafuta mabaya kwa muda mrefu. Turbo haivumilii. Ndani ya turbo kuna mti mwembamba wa chuma unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Upande mmoja unasukumwa na moshi wa egzosti wenye joto la mamia ya digrii, upande wa pili unasukuma hewa safi kuingia kwenye motere. Mti huo haulali juu ya chuma. Unaelea ndani ya utando wa mafuta mwembamba kuliko karatasi. Utando ukikatika sekunde chache tu, chuma kinakula chuma.

Tena mafuta hayo hayo yanabeba joto la turbo. Ukizima gari ghafla baada ya kupanda kwa nguvu kutoka Lubumbashi, yale yaliyobaki ndani ya turbo yanaungua na kuacha masizi magumu. Kwenye EJ nyingi za turbo, mrija unaopeleka mafuta kwenye turbo una kichujio kidogo sana ndani ya bulo yake. Masizi yakikiziba, turbo inakufa kwa kiu wakati karteri bado imejaa. Dawa ya kwanza haina gharama: endesha polepole kilometa ya mwisho, kiisha acha motere izunguke dakika moja kabla ya kuzima.

Ongeza na vumbi letu. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi mvua hainyeshi, na ukitoka tu kwenye lami unaingia kwenye udongo mwekundu. Vumbi lile lina silika, yaani mchanga mgumu. Filtri ya hewa ikiwa imechoka, mchanga unaingia kwenye silinda, unashuka kwenye mafuta, na mafuta yanageuka kuwa kama papuri ya kusugulia. Kwa hiyo mimi sipitishi kilometa 5,000, wala miezi 6. Na gari ikitoka tu Kasumbalesa, vidanji ya kwanza ni siku hiyo hiyo, hata kama muuzaji ameapa kwamba ilifanywa.

Mafuta gani?

Utasikia: «Yaya, mafuta ni mafuta, weka tu ile.» Hapana, mudogo wangu. Kijitabu cha gari kimeandikwa kwa Kijapani, lakini namba zinasomeka: tafuta 5W-30. Namba ya kwanza inaonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka yakiwa baridi, na asubuhi za mwezi wa sita hapa Likasi unajua zilivyo. Namba ya pili ni uzito wake motere ikiwa moto. Kwa motere iliyotembea sana na joto la mwezi wa kumi, wengi wanachukua 5W-40, na mimi pia.

Kiisha soma herufi za API nyuma ya bidoni. Herufi S ni ya motere za petroli: SL ilitoka 2001, SM 2004, SN 2010, SP 2020. Herufi ya pili ikienda mbele, kipimo ni kipya zaidi. Ukiona C peke yake, kama CI-4, hayo yametengenezwa kwa dizeli. 15W-40 ya kamioni za mgodi ni mafuta mazuri kwa kamioni. Kwa WRX siyo yake, hata ukiuziwa kwa bei ya urafiki. Na usinunue yaliyomiminwa kwenye chupa ya mayi. Chukua bidoni yenye kifuniko ambacho hakijavunjwa, kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Kazi yenyewe

Tayarisha: lita 5 za mafuta, filtri mpya, rondeli mpya ya bushoni, kle ya 17, kiriki, shandeli mbili, beseni ya lita 6 au zaidi, glavu, vitambaa na faneli.

1. Washa motere dakika tano, zima, kiisha ngoja robo saa. Mafuta ya uvuguvugu yanatoka vizuri na yanabeba uchafu. Mafuta ya moto kabisa yatakuunguza, na filtri ya EJ iko karibu na egzosti.

2. Inua gari kwa kiriki, iweke juu ya shandeli. Palseli nyingi ni udongo, na kiriki inazama. Weka ubao mnene chini ya kiriki na chini ya kila shandeli. Usiingie kamwe chini ya gari iliyoshikwa na kiriki peke yake, wala na matofali. Matofali yanapasuka bila kutoa onyo.

3. Ondoa kifuniko cha chini, kiisha tafuta bushoni ya karteri ya motere. Hapa ndipo Subaru inawadanganya watu. Nyuma ya motere, karibu sana, kuna bushoni nyingine ya boati ya vitesi. Mtu anafungua hiyo, anamwaga mafuta ya vitesi, kiisha anaongeza lita 4 juu ya yale yaliyo bado kwenye motere. Jioni moja anaharibu vitu viwili. Bushoni yako ni ya mbele, chini ya motere yenyewe, na inafunguka kwa kle ya 17. Kama mafuta yanayotoka ni ya manjano na yananuka kiberiti, funga haraka: hayo ni ya vitesi.

4. Fungua kifuniko cha juu cha mafuta ili hewa iingie, kiisha bushoni. Acha yatiririke mpaka yawe matone. Usiharakishe hapa. Tumia muda huo kuyaangalia.

5. Fungua filtri ya zamani. Hakikisha mpira wake umetoka nayo. Ukibaki umeganda juu ya motere nawe ukafunga filtri mpya juu yake, mafuta yote yatatapikwa barabarani. Pakaza mafuta mapya kwenye mpira mpya. Filtri ya EJ inaning'inia mdomo juu, kwa hiyo unaweza kuijaza nusu kabla ya kuifunga, na turbo itapata mafuta mapema. Funga kwa mkono. Mpira ukigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko mpaka mzunguko mmoja, kama ilivyoandikwa kwenye filtri yenyewe.

6. Rudisha bushoni na rondeli mpya. Nguvu yake ni karibu Nm 44, siyo nguvu ya mwili wote. Karteri ikipasuka uzi, utalipa zaidi ya vidanji kumi.

7. Mimina lita 3 na nusu. Shusha gari ili ikae sawa. Washa, hakikisha taa nyekundu ya presio inazimika, acha izunguke bila kukanyaga, angalia chini kama kuna kuvuja. Zima, ngoja dakika kumi, soma jauji, ongeza kidogo kidogo. Motere hii inachukua lita 4 na kitu. Toka alama ya chini mpaka ya juu ni karibu lita moja. Kisirudishe kifuniko cha chini kabla hujaona kwamba pako pakavu.

Kiisha soma jauji kila ukijaza petroli. Turbo inakunywa mafuta, hata ikiwa nzima.

Kusoma mafuta

Mliofanya sitaji mgodini mnajua: kwa zile dampa kubwa, wanachukua chupa ndogo ya mafuta na kuipeleka labo. Wanatafuta chuma, shaba, silika. Chuma kikipanda, kuna kitu kinasuguana. Silika ikipanda, vumbi linaingia. Mashine inasimamishwa kabla haijavunjika. Sisi hatuna labo nyumbani, lakini tuko na macho, pua na sumaku.

Rangi nyeusi peke yake isikutishe, ni kazi ya mafuta kubeba masizi. Yakinuka petroli sana, kuna petroli inayopita kwenye silinda. Yakiwa kama chai ya maziwa, mayi ya radiateri yameingia. Pitisha sumaku: unga mwembamba wa kijivu ni kawaida, vipande siyo kawaida. Kiisha pata filtri ya zamani, ikate, kunjua karatasi yake juani.

Tafuta kitu kimoja kuliko vyote: vipande vyembamba vinavyong'aa kama shaba, visivyoshikwa na sumaku. Vinatoka kwenye kusineti, yale magamba ya chuma laini yanayoshika shafti kubwa ya motere. Sisi watu wa Likasi tumekulia karibu na Shituru, na shaba kwetu ni mkate. Lakini ndani ya filtri ya EJ20, shaba ni habari ya msiba.

Mwaka jana mudogo mmoja aliniomba nimwonyeshe kazi hii. Alikuwa amemaliza chuo, akafanya kazi ya kontra mgodini, na makuta yote aliyoweka yalikuwa ndani ya ile WRX. Kesho yake alitakiwa Kolwezi kwa mahojiano ya kazi, na alitaka kufika na gari yake. Motere ilikuwa inazunguka vizuri, hakuna kelele. Tulipokata filtri, karatasi ilikuwa inang'aa. Alinyamaza. Kiisha akaniuliza kama haiwezi kufika Kolwezi tu na kurudi. Nilimwambia inaweza kufika, na inaweza kufia njiani, na ikifia njiani shafti itaenda nayo, hatakuwa na motere ya kutengeneza tena.

Akapanda basi. Motere ilipofunguliwa baadaye, kusineti mbili zilikuwa zimekwisha kuliwa, lakini shafti ilikuwa bado laini. Akanunua kusineti na joenti. Angepeleka garaji, filtri ile ingetupwa bila kukatwa, na yeye angeondoka asubuhi akiwa na mafuta mapya na furaha.

Na yale ya zamani?

Sasa uko na lita 4 za mafuta machafu kwenye beseni. Hapa wengi wanaona kazi imekwisha. Wanayamwaga nyuma ya nyumba, kwenye mtaro, ama wanapakaza mbao ili mchwa wasile. Mafuta yaliyotumika yana metali na kemikali zinazoleta kansa. Njo maana ya glavu. Kwenye palseli zetu nyingi kisima kiko hatua chache kutoka mahali gari inapolala, na mafuta hayaozi haraka kama majani. Ile ya mtaroni inafuata mvua. Mito yetu, Likasi, Panda na Buluo, inaelekea Lufira, na Lufira inaingia ziwa Tshangalele, ambako watu wanavua samaki tunaowanunua sokoni. Mito hiyo imebeba uchafu wa viwanda miaka mingi. Hatuna sababu ya kuongeza wetu.

Rudisha mafuta kwenye bidoni zile zile tupu, bila kuchanganya na mayi wala petroli. Funga, andika juu yake kwamba ni machafu, weka mbali na watoto. Acha filtri ichuruzike siku nzima. Kiisha peleka kwenye garaji kubwa inayokusanya kwa mapipa, na kabla hujawaachia uulize yanaenda wapi. Wakikujibu «tunamwaga tu», tafuta garaji nyingine.

Mwisho, andika kwenye daftari: tarehe, kilometa, aina ya mafuta, ulichokiona kwenye filtri. Baada ya vidanji tatu utajua motere yako kuliko mtu yeyote atakayejaribu kukuambia habari zake. Na kama kuna bidoni ya mafuta ya zamani iliyo wazi nyuma ya nyumba yenu, nenda uifunge leo, kabla mvua haijaanza.