Kinga ya kundi na safari ya kumwona mzee mashambani

MSOMAJI, huenda ulikuwa mmoja wa wale waliokwama jijini Nairobi mwaka 2020, barabara ya kwenda Embu na Meru ilipofungwa. Kuanzia Aprili 6 mwaka huo, eneo la Nairobi na viunga vyake lilitengwa, na mpaka kwa upande wa Thika ukawa daraja la mto Chania. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita. Wewe uliyetaka kwenda kumjulia hali mamako kule Runyenjes au Nkubu hukuruhusiwa. Wapo waliopita njia za panya usiku, na wapo waliongoja hadi Julai 7 amri ilipoondolewa.

Wakati huo kulizuka mabishano ambayo hadi leo utayasikia kwenye matatu kila panapoingia mafua makali. Upande mmoja ulisema: acheni ugonjwa uenee, sote tuupate, miili ijenge kinga na mambo yaishe. Upande wa pili ulisema: wafungieni wazee wasionane na mtu hadi hatari ipite. Wa tatu, wenye akili nyingi, waliunganisha hayo mawili: vijana waupate, wazee wafichwe. Kwa kuwa jambo hili litarudi, ikiwa si kwa virusi vya korona basi kwa ugonjwa mwingine, yafaa tuliangalie kwa utulivu sasa.

Kinga ya kundi ni nini?

Neno hili limetoka zizini. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, wataalamu wa mifugo nchini Marekani walikuwa wakipambana na ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Waliona kwamba mkulima akiwaweka ng'ombe wake waliokwisha kuugua wakapona, akalea ndama wake mwenyewe, na asinunue ng'ombe wageni, ugonjwa hupungua zizini. Mfugaji yeyote wa Imenti au Manyatta atakuelewa ukimweleza hivyo, na huenda akakuongezea ya kwake.

Kwa binadamu hesabu yake si ngumu. Tuseme mgonjwa 1 huambukiza watu 3. Ikiwa 2 kati ya hao 3 tayari wana kinga, basi ugonjwa utampata 1 tu, na hauwezi tena kukua. Ndiyo maana mwanzoni mwa 2020 ilisemwa kwamba thuluthi mbili za watu wakipata kinga dhidi ya Covid-19, ugonjwa utarudi nyuma wenyewe. Surua ni kali zaidi: mgonjwa 1 anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na kwa hivyo inabidi watoto wapatao 95 kati ya kila 100 wachanjwe ili yule mchanga asiyefikisha umri wa chanjo asalimike.

Lakini hesabu hiyo ina masharti mawili, na hapa ndipo wabishi wengi huteleza. Kwanza, kinga ikipatikana idumu. Pili, kirusi chenyewe kisibadilike. Surua hutimiza masharti yote mawili, ndiyo sababu mtu aliyeugua surua utotoni haiugui tena. Kirusi cha korona hakitimizi hata moja.

Ushahidi tunao hapa nyumbani. Watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust walipima damu iliyotolewa na wahisani katika vituo vya damu nchini. Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, walikadiria kuwa watu wapatao 4 kati ya kila 100 walikuwa na kingamwili, yaani alama kwamba mwili umekwisha kukutana na kirusi. Kufikia miezi ya Januari hadi Machi 2021, idadi hiyo ilikuwa imefika asilimia 48.5. Karibu nusu! Ungetarajia ugonjwa upungue. Badala yake, Machi 26 mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta alizifunga tena kaunti tano, Nairobi ikiwemo, kwa sababu hospitali zilikuwa zikielemewa. Julai na Agosti kikaja kirusi cha aina ya Delta. Desemba 2021 kikaja cha Omicron, na kuna siku ambapo zaidi ya watu 30 kati ya kila 100 waliopimwa walipatikana wameambukizwa.

Wenzetu wa mji wa Manaus nchini Brazil waliona makubwa zaidi. Huko watafiti, wakitumia pia damu ya wahisani, walikadiria kwamba kufikia Oktoba 2020 watu 76 kati ya kila 100 walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Ikiwa kuna mahali palipostahili kuwa na kinga ya kundi, ni hapo. Januari 2021 wagonjwa walijaa tena na hospitali za Manaus zikaishiwa na hewa ya oksijeni.

Nisieleweke vibaya. Aliyewahi kuambukizwa au kuchanjwa hubaki na kinga fulani, na kinga hiyo humwepusha na ugonjwa mkali kwa muda mrefu kuliko inavyomwepusha na kuambukizwa tena. Hilo ni jambo kubwa. Ila ni kinga yake mwenyewe. Hawezi kumgawia aliyeketi naye jikoni.

Damu ya nani ilipimwa?

Kuna jambo lingine ndani ya takwimu hizo za damu ambalo halikusemwa vya kutosha. Wahisani wa damu waliopimwa nchini walikuwa watu wa hadi miaka 64. Nyanya yako wa miaka 78 kule Kiritiri hachangii damu. Kwa hivyo tuliposikia kwamba karibu nusu ya Wakenya wamekwisha kuupata, tulikuwa tunasikia habari za vijana na watu wa makamo. Watu wa umri ambao ugonjwa huu uliwaua zaidi hawakuwamo katika hesabu.

Na si wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban Wakenya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Idadi kubwa yao wako mashambani, nasi wa mijini ndio tunaowafuata huko, hasa Krismasi, Pasaka na siku za matanga.

Wazo la kuwatenga wazee huku wengine wakiachwa waambukizwe lilipata umaarufu Oktoba 2020, pale maprofesa watatu wa vyuo vikuu vya Harvard, Oxford na Stanford walipolitangaza hadharani kule Marekani. Mwezi huo huo wanasayansi wengine walijibu katika jarida la Lancet wakisema ni hatari, naye mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akasema kuachilia ugonjwa usioeleweka vizuri uenee ovyo si jambo la kimaadili.

Tuache maadili kwanza tuulize kama lingewezekana. Ulaya walikuwa na nafasi nzuri ya kulijaribu, maana huko wazee wengi dhaifu huishi katika makao maalumu yenye geti na wauguzi wake. Uswidi ilipiga marufuku wageni katika makao ya wazee nchini kote kuanzia Aprili 1, 2020 hadi Oktoba 1. Wazee walifia humo vivyo hivyo, kwa wingi. England na Wales nazo, kati ya Machi na katikati ya Juni 2020, zaidi ya wazee 19,000 wa makao hayo walikufa kwa vifo vilivyohusishwa na Covid-19.

Je, kirusi kiliingiaje ikiwa binti alizuiwa mlangoni? Kiliingia na wahudumu, ambao kila asubuhi walitoka majumbani mwao na jioni wakarudi. Kiliingia pia na wagonjwa waliotolewa hospitalini na kupelekwa humo bila kutengwa. Aprili 2022, Mahakama Kuu jijini London iliamua kwamba serikali ilikiuka sheria katika jambo hilo, kwa kutozingatia kwamba mtu asiyeonyesha dalili aweza kuambukiza. Kwa maneno mengine, aliyefungiwa nje ni mgeni wa mara moja kwa wiki, na aliyeachiwa aingie ni yule wa kila siku.

Boma halina geti la namna hiyo

Sasa rudi Meru na Embu. Makao ya wazee ni machache mno Kenya, na jamii nyingi bado huona haya kumpeleka mzazi huko. Mzee anaishi katika boma lake. Mwanawe mmoja amejenga hapo hapo. Wajukuu hulala kwake, na shule zilipofungwa Machi 2020, si wazazi wachache wa mjini waliowapeleka watoto kwa nyanya hadi masomo yaliporejea kikamilifu Januari 2021. Mkamuaji anakuja alfajiri, kijana wa bodaboda analeta unga, mkaza mwana anatoka sokoni na kuingia jikoni. Huyo mzee utamtenga na nani? Kumtenga ni kumwambia asile, asiote moto, asibebe mtoto.

Serikali ilijaribu. Ibada ziliporuhusiwa tena Julai 2020, watu wasiozidi 100 waliruhusiwa kuingia kanisani kwa saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Hebu fikiria maana yake kwa mama wa Chama cha Akina Mama aliyeketi kwenye benchi lile lile tangu ujana wake. Mjukuu wake alikwenda kanisani, akakaa katikati ya watu, akarudi kumsimulia mahubiri karibu na moto. Mimi naona hapo tulimnyima mzee faraja bila kumpunguzia hatari kwa kiasi kinacholingana.

Kilichobadilisha mambo kwa wazee ni chanjo iliyodungwa kwenye mkono wao wenyewe. Shehena ya kwanza, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca, iliwasili Nairobi Machi 3, 2021, na kabla ya mwezi kwisha wenye miaka 58 na zaidi wakaruhusiwa kuchanjwa. Kisha India ikasitisha kuuza chanjo nje, na wengi waliopata dozi ya kwanza wakangoja ya pili kuliko ilivyokusudiwa. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura ya dunia imekwisha, lakini mapema mwaka huo lilikuwa limewaweka wazee katika kundi la kwanza la wanaostahili dozi za kuongezea. Ikiwa mzee wako alipata dozi moja tu 2021, muulize daktari wake.

Kwa hivyo uende au usiende?

Nenda. Upweke nao ni maradhi. Mzee asiyetembelewa huacha kula vizuri, husahau dawa za shinikizo la damu au kisukari, na hakuna wa kugundua kwamba miguu imevimba. Kinachotakiwa ni kuchagua siku na namna ya kwenda.

Ukiwa na homa, kikohozi au makamasi, au mtoto wako anayo, ahirisha safari hadi mpone. Simu itatosha kwa wiki hiyo, na pesa za matumizi zitume kwa M-Pesa. Kutoka Nairobi hadi Meru ni saa 4 hadi 5 ndani ya matatu, na abiria wakifika karibu na mlima hufunga vioo kwa baridi. Iwapo kuna ugonjwa unaoenea, vaa barakoa humo garini, uiache ukishashuka na kunawa.

Ukifika, kaeni nje. Hili ni rahisi ukiwa Siakago au Ishiara, ambako jua ni kali na kila boma lina mti wa kivuli. Ni gumu Timau na Kibirichia, hasa mwezi wa Julai, ambapo watu hujisogeza jikoni na kufunga mlango. Huko basi, acha dirisha na mlango wazi hata kama mzee atanung'unika, mpe blanketi, na msijazane watu 10 katika chumba kimoja. Familia ikiwa kubwa, mpangiane zamu: huyu Jumamosi hii, yule ijayo. Pia msisahau yule anayemhudumia kila siku. Ikiwa binti wa kazi au mkaza mwana anakohoa, apatikane mwingine wa kupika siku hizo, na asikatwe mshahara, la sivyo ataficha.

Jambo la mwisho ni kuhusu dalili. Kijana akishikwa na ugonjwa wa mapafu hupata homa kali na kila mtu akajua. Mzee anaweza asipate homa hata kidogo. Utaona tu amekataa uji, amelala mchana kutwa, au ameanza kuchanganya majina ya watoto ilhali jana aliyakumbuka. Wengi husema ni uzee. Ukiona hivyo, mtazame kifua anavyopumua akiwa ametulia. Akipumua kwa kasi au akishindwa kumaliza sentensi bila kutua, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitalini, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Meru, Embu Level 5 au iliyo karibu zaidi, na ubebe dawa zote anazotumia ndani ya mfuko mmoja ili daktari azione.