«Aina ya samaki» haitoshi: kutafuta viumbe vya eneo katika hifadhidata ya GBIF

Mwanafunzi akifungua kamusi za lugha zetu kwenye jina la samaki, ndege au mti, mara nyingi hukutana na maelezo yaleyale: «aina ya samaki», «aina ya ndege mdogo», «mti wa porini». Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayamfikishi msomaji popote. Ukiweka kamusi mbili za lugha jirani mezani, huwezi kujua kama maneno mawili yanataja kiumbe kimoja au viwili. Hapo isimu linganishi inakwama, na mtafsiri anakwama pia. Hata mtoto wa mjini anayetaka kujua babu yake alikuwa anasema nini hapati jibu.

Wapo waliojitahidi zamani. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka Paris kati ya 1939 na 1941, aliweka majina ya kisayansi kwa mimea mingi, na ndiyo sababu wataalamu wa mimea bado wanaifungua. Leo tunayo njia nyepesi zaidi ya kuifuata kazi hiyo. Makala hii inaeleza jinsi mwanafunzi wa lugha anavyoweza kutafuta katika hifadhidata ya GBIF spishi zilizorekodiwa katika eneo la utafiti wake, na jinsi ya kuzitumia bila kuharibu data yake ya lugha. Mimi ninaandaa memwari kuhusu majina ya samaki katika Kiswahili cha Kivu, kwa hiyo mifano mingi itatoka maziwani.

1. Hifadhidata yenyewe

GBIF ni mtandao wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2001, na sekretarieti yake iko Copenhagen, Denmark. Unakusanya mahali pamoja rekodi za viumbe kutoka taasisi nyingi za dunia: majumba ya makumbusho, bustani za mimea, vyuo vikuu, na miradi ya watu wanaoangalia ndege au kupiga picha wadudu. Rekodi hizo zimepita bilioni mbili, na kuzisoma ni bure. Kwa upande wa nchi yetu, baadhi zinatoka katika makusanyo yaliyoko Ubelgiji, kama vile Makumbusho ya Tervuren na Bustani ya Mimea ya Meise. Nyingine ni za karibuni na zinatoka kwa watumiaji wa eBird na iNaturalist.

Ni vizuri kuelewa rekodi ni nini. Rekodi moja ni dai moja: kiumbe fulani kilionekana au kilichukuliwa mahali fulani, tarehe fulani, na mtu fulani. Kwa sisi wanaisimu jambo hili si geni. Rekodi inafanana na sentensi moja ndani ya korpasi. Inathibitisha kwamba kitu kilitokea mara moja. Haisemi kinatokea mara ngapi, wala haisemi kwamba kisichoandikwa hakipo.

2. Hatua za kutafuta

Hatua ya kwanza ni kuchagua eneo. GBIF inakubali njia tatu. Unaweza kuchagua nchi nzima, lakini Kongo ni kubwa mno kwa orodha ya maswali. Unaweza kuchagua mgawanyo wa kiutawala, kwa mfano jimbo la Kivu Kusini. Au unaweza kuchora umbo juu ya ramani. Kwa kazi ya lugha, njia ya tatu ndiyo bora, kwa sababu wasemaji hawaishi kwa kufuata mipaka ya majimbo. Kwa Ziwa Kivu, mraba unaoanzia longitudo 28.8 hadi 29.4 mashariki, na latitudo 1.5 hadi 2.5 kusini, unalifunika ziwa lote. Ukiandika viwianishi kwa mkono, longitudo inatangulia latitudo, na latitudo za kusini zinaandikwa kwa alama ya kutoa. Ukigeuza mpangilio huo, utajikuta unasoma viumbe vya mahali pengine kabisa.

Hatua ya pili ni kuchagua kundi. Mraba wetu una ziwa, lakini una pia milima, mashamba, miji na upande wa Rwanda. Bila kuchuja utapata vyura, maua na tembo pamoja. Kwa ndege unaandika Aves. Kwa samaki ni salama zaidi kutafuta familia kwa familia, kwa mfano Cichlidae, au jenasi kwa jenasi, kwa mfano Clarias, ambayo ndiyo ya kambale.

Hatua ya tatu ni kuchagua aina ya ushahidi. Kuna sampuli iliyohifadhiwa, yaani mnyama mwenyewe yuko katika chupa au kabatini na mtaalamu anaweza kumchunguza tena. Kuna pia kuonwa na mtu, pamoja na picha au bila picha. Ninapendelea kuanza na zote mbili, kisha kuzitenganisha.

Hatua ya nne ni kupakua. Unafungua akaunti ya bure, unaomba faili, na kiungo kinaletwa kwa barua pepe faili likiwa tayari. Kuna chaguo la kupakua orodha ya spishi peke yake. Kwa wenzangu wanaonunua megabaiti kidogo kidogo, hilo ndilo la kuchagua, kwa kuwa ni jepesi kuliko rekodi zote. Kila upakuaji unapewa kitambulisho cha kudumu kiitwacho DOI. Kiandike katika memwari, maana hifadhidata inabadilika, na msomaji wa kesho lazima aweze kuona orodha ileile uliyoitumia wewe.

3. Mambo ya kuchunguza kabla ya kuamini orodha

La kwanza ni majina ya mahali. Sampuli nyingi za zamani zilipewa lebo wakati wa ukoloni. Kwenye lebo utasoma Costermansville mahali pa Bukavu, Albertville mahali pa Kalemie, Stanleyville mahali pa Kisangani, Élisabethville mahali pa Lubumbashi. Nchi yenyewe inaweza kuandikwa Congo Belge au Zaïre. Ukitafuta kwa neno la sasa tu, unaziacha nje. Ukitafuta kwa umbo la ramani unazipata, ila zile tu zilizokwisha kupewa viwianishi.

La pili ni usahihi wa viwianishi. Rekodi nyingine iliandikwa «Kongo» tu, kisha mtu akaiweka katikati ya nchi. Nyingine ina kosa la kilomita nyingi. Kila rekodi ina nafasi ya kuonyesha kiwango cha mashaka, na inafaa kuisoma. Kuna pia mahali panapofichwa makusudi. Kwa spishi zilizo hatarini, kama kakakuona, iNaturalist inasogeza nukta ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani karibu kilomita 22 kila upande, ili wawindaji haramu wasipate njia. Na sisi tusiandike katika kazi zetu pango au mti kamili alioonyeshwa na mwenyeji.

La tatu ni majina ya kisayansi yanayobadilika. Vitabu vya zamani vinasema Tilapia nilotica, na leo samaki huyohuyo anaitwa Oreochromis niloticus. GBIF huunganisha visawe vya namna hii mara nyingi, lakini ukinukuu kamusi ya zamani, andika jina lililomo pamoja na jina la sasa.

La nne ndilo zito kuliko yote: mahali pasipo na rekodi. Watafiti hufuata barabara, hifadhi, vituo na vipindi vya usalama. Sehemu kubwa ya nchi yetu haijatembelewa kwa miaka mingi. Ramani yenye nukta chache inaeleza safari za watafiti kabla ya kueleza maisha ya wanyama.

Mfano wa lesula unatosha kuonyesha hatari hiyo. Nyani huyu wa bonde la Lomami aliingia katika sayansi mwaka 2012, alipopewa jina Cercopithecus lomamiensis. Watafiti walikutana naye mara ya kwanza mwaka 2007 huko Opala, nyumbani kwa mkuu wa shule aliyekuwa anafuga mtoto wake. Kabla ya hapo, utafutaji wowote usingemtaja, kwa sababu sayansi haikuwa na jina lake. Lakini watu wa Lomami walikuwa na jina: lesula. Kama mwanafunzi wa lugha angekwenda huko mwaka 2000 na orodha ya spishi mkononi, akaambiwa «lesula», angeshawishika kuliandika kama kisawe cha kima mwingine aliyemo kwenye orodha. Msemaji angekuwa sahihi na orodha ingekuwa na pengo. Kwa hiyo jina lisilopata spishi yake lisifutwe. Liandikwe jinsi lilivyo, pamoja na maelezo ya msemaji.

4. Mfano: ndagala, dagaa, sambaza

Hapa faida ya kutafuta kwa eneo inaonekana wazi. Katika Ziwa Tanganyika kuna samaki wadogo wawili wa jamii ya sadini: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Sokoni Uvira au Kalemie, wakishakaushwa, mara nyingi wote wanauzwa kwa jina moja, ndagala. Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wanasema dagaa. Lakini dagaa wa Mwanza, katika Ziwa Victoria, ni Rastrineobola argentea, samaki wa familia nyingine kabisa. Kamusi inayoandika «dagaa: Stolothrissa» bila kutaja mahali inampotosha msomaji wa Mwanza.

Sasa tafuta Limnothrissa miodon peke yake, bila kuweka eneo. Ndani ya Tanganyika yuko kwa asili. Ndani ya Ziwa Kivu aliletwa na watu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndani ya Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, aliletwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Samaki mmoja, na majina matatu: ndagala Tanganyika, sambaza Kivu, kapenta Kariba. Stolothrissa hayumo Kivu. Kwa hiyo ndagala ya Uvira inaweza kufunika spishi mbili, na sambaza ya Bukavu inataja ile moja.

Kwa mwanahistoria wa lugha, tarehe hizo ni zawadi. Samaki asiyekuwemo Kivu kabla ya miaka ya 1950 hawezi kuwa na jina la kale katika ziwa hilo kwa maana hiyo. Ama jina lilikuja pamoja naye, ama lilihamishwa kutoka kwa samaki mwingine, ama liliundwa papo hapo. Watu wengi husikia ndani yake kitenzi kusambaza, na Kinyarwanda kina isambaza kwa samaki huyohuyo. Kufanana huko ni swali la utafiti, na jibu litatoka kwa wazee wavuvi wanaokumbuka miaka ile. Wanapungua kila mwaka.

5. Kutoka orodha hadi mahojiano

Orodha ikishakuwa tayari, kishawishi ni kuigeuza kuwa hojaji: spishi hamsini, maswali hamsini. Tukifanya hivyo tunalazimisha lugha ikatwe mahali sayansi inapokata. Wasemaji wanaweza kuwa na jina moja kwa spishi nyingi za Haplochromis, na majina mawili kwa samaki mmoja akiwa mchanga na akiwa mkubwa. Yote mawili ni data.

Ninapendekeza mpangilio huu. Kwanza swali lililo wazi, kwa Kiswahili cha watu wenyewe: «Mu ziwa munatoka samaki gani?» Andika majina yote bila kuonyesha picha. Pili, nenda sokoni au kwenye pwani asubuhi, pale mitumbwi inapofika, uulize juu ya samaki aliye mbele yenu: «Huyu munamuita namna gani?» Tatu, hapo ndipo utoe orodha na picha, ili kuuliza juu ya waliosahauliwa. Mwisho, mpelekee mtaalamu wa samaki picha zako, na pale inapowezekana samaki mwenyewe. Uamuzi kuhusu spishi ni wake, uamuzi kuhusu jina ni wa msemaji, na kazi yetu ni kuunganisha viwili hivyo bila kuvichanganya.

Kila neno basi lipewe mambo manne: mahali liliposikika, lugha, jina la kisayansi, na kiwango cha uhakika. Uhakika ni A ikiwa samaki alionekana na mtaalamu, B ikiwa ni picha, C ikiwa ni maelezo tu. Ingizo la kamusi linabadilika hivi:

Zamani: sambaza, aina ya samaki mdogo.

Sasa: sambaza (ngeli 9/10), Bukavu, Kiswahili; samaki mdogo wa Ziwa Kivu, Limnothrissa miodon; aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950; linganisha ndagala (Uvira), kapenta (Kariba); uhakika A.

Tofauti ni mistari miwili tu, lakini ingizo la pili linaweza kulinganishwa, kukosolewa na kusahihishwa na mtu aliyeko Kalemie, Kigoma au Gisenyi.

Katika rafu za vitivo vya lugha kuna memwari nyingi zenye majina ya wanyama na mimea yaliyokusanywa kwa jasho, na sehemu kubwa imebaki kwenye «aina ya». Ningependa tuzirudie moja moja: tuchukue eneo lililotajwa, tutafute spishi zilizorekodiwa humo, kisha turudi kwa wasemaji na orodha fupi ya kuthibitisha. Ni kazi inayofaa semina ya mwaka wa pili, na haihitaji vifaa zaidi ya simu, daftari na nauli ya kufika pwani.