Chandarua Kinalala Wapi?

Asubuhi za Nainokanoka huanza na ukungu. Kata hii ya wilaya ya Ngorongoro iko chini ya mlima Olmoti, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia inayotoka ukingo wa Kreta ya Ngorongoro kuelekea ile ya Empakai. Shuka haziondoki mabegani mpaka jua lipande. Malaria haipapendi mahali kama hapa. Vimelea vyake huhitaji joto ili vikomae ndani ya mwili wa mbu, na hewa ikikaa chini ya nyuzi joto 16 hadi 18 hivi, aina iliyo hatari zaidi huacha kukua. Mbu hufa kabla hajawa na cha kuambukiza.

Chandarua cha nini basi?

Jibu liko barabarani. Watu wa Nainokanoka hawalali Nainokanoka mwaka mzima. Kilimo hakiruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo kata hii imo, hivyo mahindi hufuatwa Karatu. Wengine hufika hadi Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ambako mashamba ya vitunguu humwagiliwa na maji husimama mifereji ikifurika. Wafugaji hufuata malisho mabondeni. Ukiteremka bonde la ufa unakutana na mji wa Mto wa Mbu, ambao jina lake linatosha kuwa onyo. Aliyekulia kwenye baridi hushukia huko bila ile kinga ambayo mwenyeji wa bondeni huijenga kwa kuumwa na kupona tangu utotoni. Homa inayomlaza mwenyeji siku mbili inaweza kumfikisha mgeni huyo pabaya.

Ndiyo maana kuhesabu vyandarua ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Hesabu za serikali humwandikisha mtu kijijini kwake. Mbu humkuta pale alipolala.

Tanzania imejaribu njia nyingi za kufikisha vyandarua vyenye dawa majumbani. Kuanzia 2004 mjamzito alipewa Hati Punguzo kliniki, akaenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei nafuu. Mpango huo ulitegemea duka lililo karibu na lenye mzigo, na ulikoma 2014. Katika miaka hiyo hiyo zikaja kampeni kubwa: vyandarua karibu milioni 9 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, kisha vingine takriban milioni 18 kwa kaya zote mwaka 2010 na 2011. Katika kampeni hiyo ya pili waandikishaji hawakuishia kuuliza idadi ya watu. Waliuliza idadi ya sehemu za kulala ambazo hazina chandarua. Swali hilo lilikuwa la busara, maana ndani ya nyumba moja ya boma kitanda kimoja hubeba mama na watoto watatu, huku kijana wa kiume akiwa hajulikani atalala wapi wiki ijayo.

Leo njia kuu katika mikoa yenye malaria kidogo kama Arusha ni kliniki ya mama na mtoto. Mjamzito hupewa chandarua hudhurio la kwanza, na mtoto hupata chake anapochanjwa surua akiwa na miezi 9. Mzigo hutoka Bohari ya Dawa hadi kwenye kituo, muuguzi huandika katika rejesta, na kila mwezi ripoti hupanda hadi wilayani na kuingizwa katika mfumo wa taifa wa takwimu za afya. Ukilinganisha namba mbili tu katika ripoti hiyo, za wajawazito waliofika mara ya kwanza na za vyandarua vilivyotolewa, unajua kama stoo ilikauka. Wajawazito 40 na vyandarua 25 maana yake ni akina mama 15 waliorudi nyumbani mikono mitupu.

Nchi yenyewe haikosi viwanda. Jijini Arusha, kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani miaka ya mwanzo ya 2000. Ila kati ya mashine ya Arusha na kitanda cha Nainokanoka kuna stoo, gari, barabara inayoteleza mvua ikinyesha, na binadamu anayeamua kukitundika chandarua au kukiacha ndani ya mfuko wake.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayovuja zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta asilimia 78 ya kaya zina angalau chandarua kimoja chenye dawa, lakini watu waliolala ndani yake usiku uliotangulia walikuwa asilimia 52. Sehemu ya pengo hilo ni upungufu, kwa sababu kimoja hakitoshi kaya ya watu saba, na kanuni ni kimoja kwa kila watu wawili. Sehemu nyingine ni uchakavu. Vyandarua hutarajiwa kudumu miaka mitatu, na vingi hupasuka mapema zaidi. Kilichotoboka hubaki kikihesabika kwenye karatasi.

Dawa nayo hupungua nguvu mbu wanapoizoea. Majaribio ya Misungwi, mkoani Mwanza, yaliyochapishwa 2022, yalionyesha kuwa vyandarua vilivyochanganywa na dawa ya pili, klorofenapiri, vilipunguza malaria ya watoto kwa asilimia 44 kuliko vile vya kawaida katika kipindi cha miaka miwili. Kwa hiyo anayefuatilia hesabu hana budi kujua ni chandarua cha aina gani kilienda wapi, na lini.

Tangu 2022 kuna kaya za Ngorongoro zilizohamia Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga, ambako ni chini na kuna joto. Zilizobaki huendelea kupanda na kushuka kufuata mvua. Mama anayetoka kliniki na chandarua kipya amekwisha kuandikwa mstari mmoja katika rejesta: jina, kijiji, tarehe, kimoja. Mume wake yuko Mang'ola, na mwanawe mkubwa yuko na ng'ombe bondeni. Rejesta ile haina safu ya kuandika walilala wapi jana.