Daktari wa meno na mtoto mwenye Down: daktari anaogopa nini?

"Mama, huyu hatatulia kwenye kiti." Hilo ndilo jibu ambalo mzazi wa mtoto mwenye hali ya Down analiogopa anapofika kwa daktari wa meno. Kinywa hakijafunguliwa, na uamuzi umekwisha kutolewa. Kwa mzazi wa Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jibu hilo ni zito zaidi, maana kumtafuta mtaalamu wa kupanga meno kunaweza kuwa safari ya kilomita 300 hivi hadi Lubumbashi, kwa nauli ya watu wawili na gharama ya kulala.

Mtazame mtoto huyo akila bukari na sombe. Taya lake la juu halikukua sawa na la chini, kaakaa ni jembamba, misuli ya midomo na ulimi imelegea. Meno ya chini yanapita mbele ya yale ya juu. Tonge analisukuma kwa ulimi na kulimeza kabla halijatafunika. Meno yenyewe huchelewa kuota, mengine hayaoti kabisa, na fizi huweza kuanza kuugua angali kijana. Kwa hiyo anayedhani kumpangia meno mtoto huyu ni urembo hajamwona akila, wala hajamsikia akihangaika kutamka jina lake.

Hofu ya daktari ina sababu. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi ya kasoro hizo zinadai dawa ya kuzuia maambukizi kabla ya kung'oa jino. Shingo pia inaweza kuwa haijakaza, hivyo kichwa hakilazwi nyuma kwa nguvu. Na waya za kupangia meno zisiposafishwa kila siku zinaziumiza fizi ambazo tayari ni dhaifu. Daktari anayesema "si sasa, tutibu fizi kwanza" namheshimu. Ninayemlaumu ni yule anayekataa kwa kuangalia uso tu.

Na uso unahitaji jicho lililofunzwa. Mwaka 2017 daktari Mkongo Aimé Lumaka na wenzake walichapisha utafiti kuhusu programu ya kompyuta inayotambua hali za kijenetiki kwa picha. Kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya iliitambua Down kwa asilimia 80. Kwa Wakongo, asilimia 36.8 tu. Ilipofunzwa kwa nyuso za Kiafrika, ikafika asilimia 94.7. Nyuso zilikuwa zilezile, ila mafunzo yaliongezwa. Kwa madaktari wenyewe mambo hayako mbali na hapo: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ulionyesha kwamba madaktari wa meno walioona chuo kiliwaandaa vizuri ndio waliokuwa tayari zaidi kuwapokea wagonjwa wenye mahitaji maalumu.

Mbinu zenyewe hazihitaji mashine ya ajabu. Siku ya kwanza hakuna matibabu: mtoto anakalia kiti, anashika kile kioo kidogo, anahesabiwa meno, anarudi nyumbani. Miadi inayofuata ni ya asubuhi, mifupi, kwa daktari yuleyule, na mama yuko kando, kwa sababu ndiye anayejua wimbo gani unamtuliza mwanawe. Akishazoea, anaweza kuwekewa kifaa cha kupanua taya la juu wakati mifupa bado inakua. Waya za kubandika huja baadaye, kama kupiga mswaki kumewezekana.

Kuna minong'ono pia kuhusu chanzo cha hali hii: ya uchawi na ya sumu ya migodi. Utafiti uliofanywa Lubumbashi na kuchapishwa mwaka 2020 uliihusisha kazi ya baba mgodini na kasoro za kuzaliwa zinazoonekana kwa macho, na hilo si jambo la kupuuzwa. Lakini Down inatokana na kromosomu ya 21 kuzidi, jambo lililogunduliwa Ufaransa na kutangazwa mwaka 1959, na watoto wenye hali hiyo huzaliwa hata katika nchi zisizo na mgodi. Mama asibebeshwe lawama mlangoni mwa kliniki.

Tangu tarehe 3 Mei 2022 Kongo ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wakuu wa afya wa mkoa wa Lualaba, ulipo mji wa Kolwezi, wanaweza kuipa nguvu kwa kuwapeleka madaktari vijana wafanye mazoezi na watoto hawa kabla hawajafungua kliniki zao. Na mzazi wa Manika au Dilala, mitaa ya Kolwezi, akikataliwa, aulize sababu: ni moyo, ni shingo, ni fizi? Kisha aombe tarehe ya kurudi, iandikwe kwenye karatasi ya mtoto.