Feni Inanguruma, Radoni Ipo Palepale

Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa na ghorofa ya chini ya ardhi tangu mwanzo. Majengo kadhaa ya jirani nayo yameshuka chini, ila kwa sababu nyingine: fremu ni ghali, na mwenye jengo hataki mita hata moja ikae bure. Huko andagraundi muuzaji hushinda tangu asubuhi hadi jioni, mlango mmoja, dirisha hakuna, kiyoyozi kikipuliza. Baridi ipo, lakini hewa ni ileile. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huizungusha na kuipoza tu, hakileti hewa mpya wala hakitoi iliyochafuka.

Katika hewa hiyo ndimo radoni hukusanyika. Karibu kila udongo na mwamba una chembe za urani, ambazo zikiendelea kuvunjika huzaa gesi hii isiyo na rangi wala harufu. Nusu ya radoni huisha kwa siku 3.8, muda unaoitosha kupenya ufa wa sakafu. Inapovunjika hutoa poloniamu, ambayo hunasa kwenye vumbi, ikavutwa, ikakaa mapafuni. Shirika la Afya Duniani linaitaja radoni kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, na kwa mvutaji sigara hatari huongezeka mara nyingi zaidi. Mwaka 2009 shirika hilo lilipendekeza kiwango cha bekereli 100 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, na pale kisipowezekana, kisizidi 300.

Tusitishane. Urani inayojulikana zaidi nchini iko Mto Mkuju wilayani Namtumbo na Bahi mkoani Dodoma, si chini ya Mtaa wa Congo hapa Kariakoo. Lakini chumba kilichofungwa hukusanya hata kidogo kinachoingia, na pua haiwezi kupima.

Dawa ya radoni ni bomba la plastiki linalopenya zege hadi kwenye kokoto zilizo chini ya sakafu, likapanda mpaka juu ya paa, na feni inayofyonza usiku na mchana ili mgandamizo chini ya sakafu uwe mdogo kuliko wa chumbani. Hapo ndipo wengi hudanganyika: wakisikia feni inanguruma, huamini kazi inafanyika. Usiisikilize feni, tazama mrija wa U wenye maji ya rangi uliofungwa kwenye bomba. Maji yakiwa sawa pande zote mbili, hakuna ufyonzaji: umeme umekatika, mota imeungua pengine umeme uliporudi kwa kishindo, au bomba limechomoka. Tofauti ikizidi ile iliyoandikwa siku ya kufunga mtambo, kuna kizuizi chini. Kwa Kariakoo, jirani na bonde la Msimbazi, mimi ningeanza kushuku maji, hasa masika: yakijaa kwenye kokoto, hewa haina pa kupita, na feni hufyonza bure.

Ukisikia bomba likibwabwaja, kuna sehemu imelala na maji yametuama; fundi alipatie bomba mteremko ili maji yarudi ardhini. Mrija ukionyesha tofauti ileile ya siku ya kufunga mtambo na kipimo cha radoni bado kiko juu, tafuta nyufa, pembe za sakafu na matundu ya mabomba ya maji, uyazibe. Na feni isikae stoo, hata kama unahofia wezi. Upande wake wa kusukuma ukivuja, itakumwagia humo humo ndani gesi iliyokuwa chini. Mdomo wa bomba nao uwe mbali na madirisha ya wapangaji wa juu.

Jambo moja halina mjadala: asije fundi na nyundo akatoboa sakafu kwa kukisia. Tangu ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, kila anayegusa msingi wa jengo lenye wapangaji anapaswa kuwa na mhandisi pembeni.

Ila hayo yote ni ya baadaye. Kabla hujatoa hata shilingi kununua feni, waulize Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kuhusu upimaji, kisha acha kipimo kikae andagraundi miezi mitatu. Baada ya kufunga mtambo, pima tena.