Hisia Zisizotamkwa katika Filamu za Katuni

Filamu ya katuni ni michoro mitupu. Mhusika wake hana moyo wa kuhuzunika wala ndugu wa kumwonea wivu. Hata hivyo mtoto wa shule ya msingi mjini Bariadi, akiitazama kwenye televisheni, atasema bila kusita kwamba huyu amemkasirikia yule, na yule anajifanya hajali. Je, mambo hayo huyasoma wapi? Watu wengi hujibu kwamba huyasoma usoni mwa mhusika. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni sehemu ndogo tu ya ukweli.

Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel walitangaza huko Marekani matokeo ya jaribio ambalo hata leo halijachakaa. Walitengeneza filamu ya dakika mbili na nusu hivi, yenye pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara dogo, na mstatili uliokuwa na upande wa kufunguka na kufungwa kama mlango. Maumbo hayo hayakuwa na macho wala vinywa, yalisogea tu. Watazamaji 34 wa kundi la kwanza waliombwa waandike walichokiona. Ni mmoja tu aliyeeleza habari za maumbo ya jiometri. Waliobaki wote walisimulia habari za viumbe hai: mkubwa mgomvi, mdogo jasiri, na wa tatu mwenye woga aliyejificha ndani ya nyumba.

Kilichowaongoza ni mwendo. Kitu kikienda kwa kasi na kwa mstari mnyofu kuelekea kingine, na hicho kingine kikarudi nyuma, akili huona tishio. Kikisogea kidogo, kikasita, kisha kikasogea tena, akili huona haya au hofu. Uwezo huu si mali ya taifa moja. Uchunguzi wa H. Clark Barrett na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, uliwalinganisha watu wazima wa Ujerumani na Washuar wa misitu ya Ekuado. Kwa kutazama mwendo peke yake, pande zote mbili zilitambua kukimbizana, kupigana, kubembelezana na kucheza kwa kiwango kilichozidi kubahatisha.

Wachoraji wa filamu huitumia siri hii kwa hesabu kali. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, na mara nyingi kila mchoro hupigwa picha mara mbili, hivyo sekunde moja huhitaji michoro 12. Mhusika akiulizwa swali, mchoraji anaweza kuongeza michoro mitatu kabla hajajibu, yaani robo ya sekunde. Mtazamaji hatahesabu robo hiyo, bali atahisi kwamba kuna jambo linalofichwa.

Katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, ambayo baadhi ya wahusika wake wana majina ya Kiswahili, mwana-simba aliyevunja amri ya baba yake anaitwa aje mbele yake. Njiani mguu wake unaingia katika alama ya mguu wa baba, naye anautazama mguu wake ulivyo mdogo ndani ya alama ile kubwa. Hakuna neno linalosemwa. Mtazamaji anapata hofu, mapenzi na uzito wa urithi kwa pamoja, na hapana budi mwenyewe aamue lipi limezidi. (Simba halisi wa Pori la Akiba la Maswa hana nyusi za kukunja kama binadamu, hizo amepewa na wachoraji.)

Kuhusu uso, mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2020 Maria Gendron na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Wahadza, wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi, si mbali na wilaya ya Meatu mkoani Simiyu. Walisimuliwa tukio, kisha wakachagua uso unaolingana nalo. Wale waliokuwa na mawasiliano machache na jamii nyingine walifaulu hasa pale ilipotosha kutenganisha hali ya kupendeza na isiyopendeza. Majina tuliyozoea, kama vile hasira, hofu na huzuni, hayakujitokeza usoni kwa urahisi uliodhaniwa.

Hapo ndipo mila inapoingia. Katika filamu nyingi za ng'ambo, anayeinamisha macho mbele ya mkubwa ana hatia. Kijijini Usukumani kijana huinamisha macho, na msichana hupiga magoti, kwa sababu ya heshima. Bibi akimwita mjukuu wake "mume wangu" na kumkejeli mbele ya watu, wenyeji hucheka, maana huo ni utani. Mgeni huenda akaona ugomvi. Taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam, inayotengeneza katuni za watoto tangu miaka ya 2013 na 2014, ina faida hapa: mchoraji na mtazamaji wanaweza kuwa wamelelewa kwa adabu zinazofanana. Hasara ya kutojua hili haiishii kwenye filamu. Mwalimu aliyezoea kusoma hatia katika macho yaliyoinama anaweza kumwadhibu mwanafunzi aliyekuwa akimpa heshima.

Jambo hili laweza kupimwa darasani kwa daftari na penseli. Katika pembe za kurasa 24 mwanafunzi achore duara kubwa lisilosogea na duara dogo linalolikaribia hatua kwa hatua, kisha azipeperushe kurasa haraka kwa kidole gumba. Katika daftari la pili achore vivyo hivyo, ila duara dogo lisimame kwa kurasa sita kabla ya kufika. Wenzake wasielezwe chochote. Kila mmoja aandike peke yake alichokiona, nusu yao kwa Kisukuma na nusu kwa Kiswahili, halafu mwalimu ayaorodheshe ubaoni maneno yote ya hisia na ya udugu yaliyotumika, na kuhesabu mangapi yametoka katika daftari la kwanza na mangapi katika la pili.