Kwa nini malori hufeli breki mteremko wa Tukuyu? Fizikia ya sekondari inaeleza

Ukifuatilia habari za ajali mkoani Mbeya, kuna maneno matatu hayakosekani: lori, mteremko, breki. Taarifa inasema breki zilifeli, na mara nyingi inaishia hapo.

Lakini breki nyingi za aina hii huwa zinafanya kazi vizuri gari linapoanza safari. Zinachokutana nacho njiani ni joto. Na joto hilo mwanafunzi wa sekondari anaweza kulipigia hesabu kwa kalamu na karatasi.

Chukua barabara ya Uyole kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi. Kutoka Uyole inapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari upande wa Isongole, kisha inaanza kushuka: Kiwira, halafu Tukuyu iliyo kwenye mita kama 1,500, halafu tambarare ya Kyela, karibu mita 500 tu. Yaani kati ya Tukuyu na Kyela peke yake gari linashuka takribani kilomita moja kwenda chini.

<b>Ndoo 40 za maji ya moto</b>

Kitu chochote kilicho juu kina nishati kwa sababu ya huko juu kilipo. Ukitaka kuijua, zidisha tungamo (kilo zake) kwa nguvu ya mvutano wa dunia (karibu 10) kwa urefu wa kushuka. Lori la tani 30 ni kilo 30,000. Zidisha kwa 10, kisha kwa mita 1,000. Unapata jouli milioni 300.

Namba hiyo haisemi kitu ukiiona hivi hivi, kwa hiyo ipeleke jikoni. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji jouli 336,000. Jouli milioni 300 zinachemsha karibu lita 890. Hizo ni zaidi ya ndoo 40 za lita 20.

Nishati haipotei. Lori likifika Kyela likiwa na mwendo uleule liliokuwa nao Tukuyu, joto lote hilo limeshatoka mahali fulani. Sehemu imeliwa na matairi na upepo. Iliyobaki inagawanywa kati ya injini na breki, na mgawanyo huo anaupanga dereva kwa gia anayochagua.

Mwendo nao una neno lake. Mteremko huo ukishukwa kwa saa moja, joto linatoka kwa wastani wa kama wati 83,000, sawa na birika 40 hivi za umeme zikichemka kwa pamoja. Shuka kwa nusu saa, birika zinakuwa 80. Joto kwa jumla ni lilelile, ila chuma kina muda nusu wa kupoa.

<b>Breki ikizidiwa</b>

Breki ya lori ni msuguano tu: vipande vigumu, ambavyo madereva wanaviita "lining'i", vinasukumwa kugusa ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Zikipata moto kupita kiasi, lining'i zinapoteza uwezo wa kukwaruza. Ngoma nayo inatanuka kwa joto, inakwenda mbali kidogo na lining'i. Dereva anakanyaga, pedali inaitika, gari halisimami.

Malori makubwa yanatumia breki za upepo, na hapo kuna mtego mwingine. Ukikanyaga na kuachia, ukikanyaga na kuachia, kila mara unatumia upepo wa kwenye tangi. Ukiutumia haraka kuliko kompresa inavyojaza, presha inashuka. Magari madogo yanayotumia mafuta ya breki yana ugonjwa wake: mafuta yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea badala ya kusukuma. Pedali inazama hadi chini.

<b>Mzigo hauongezi kasi</b>

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Watu husema lori lenye mzigo "linakimbia zaidi" kwenye mteremko kuliko lori tupu. Sivyo. Dunia inavuta lori zito kwa kani kubwa zaidi, ni kweli, lakini lori zito pia ni gumu zaidi kuongezwa mwendo. Viwili hivyo vinafutana. Ni sheria ya pili ya Isaac Newton, iliyochapishwa mwaka 1687.

Chukua mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100. Gari lolote likiachiwa hapo bila gia wala breki, liwe tupu au limejaa, linaongeza kama mita 0.8 kwa sekunde, kila sekunde. Likianza na kilomita 40 kwa saa, baada ya sekunde 10 liko karibu 69. Baada ya sekunde 20, karibu 98. Matairi na upepo vitapunguza kidogo, lakini sekunde 20 ni muda wa kusoma meseji moja na kuijibu.

Mzigo unachoongeza ni kazi ya kulizuia. Kwenye mteremko huo lori la tani 10 linahitaji kani ya niutoni 8,000 ili tu lisiongeze mwendo. La tani 30 linahitaji 24,000. Breki ni zilezile.

Ndiyo maana kuachia gari liserereke kwenye nyutro ili kubana mafuta ni biashara mbaya. Gari likiwa kwenye gia ndogo, magurudumu yanalazimika kuizungusha injini, na injini inakataa kwa kubana hewa ndani ya silinda. Joto la kazi hiyo linatoka kwa ekzosi na rejeta, ambazo zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Ukiweka nyutro umeitoa injini kazini, na ndoo zote 40 umezitwisha ngoma za breki.

Na hata mafuta yenyewe hayabanwi. Injini nyingi za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta hukata mafuta zenyewe dereva anapoachia mguu akiwa kwenye gia. Kwenye nyutro inabidi ziendelee kuchoma kidogo ili zisizime.

Gia nayo ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka. Katikati ya mteremko, mwendo ukishapanda, gia ndogo inaweza kukataa kuingia, na dereva anabaki kwenye nyutro bila kupenda.

<b>Kona na mvua</b>

Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa hiyo kwa bodaboda wa kata kama Kinyala suala kubwa ni kona. Kinachoishika pikipiki isitoke nje ya kona ni msuguano wa tairi na barabara. Mwendo ukiwa mara mbili, msuguano unaohitajika unakuwa mara nne.

Kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 50, kilomita 36 kwa saa zinahitaji karibu moja ya tano ya uzito wa pikipiki na waliopanda. Kilomita 72 zinahitaji karibu nne ya tano. Lami kavu inaweza kuutoa. Lami iliyolowa kwa kawaida haiwezi, na udongo uliolowa ndio kabisa.